Dakika Hamsini za Ziada: Je, Terrifier 2 Imeizidi Filamu Iliyoitangulia?

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi vijana mnaosomea uandishi, uongozaji na uhariri wa filamu:

Nimeombwa nizungumzie filamu za kutisha zinazotengenezwa kwa fedha kidogo, nami nimechagua swali moja tu ndani ya uwanja huo, kwa kuwa naliona ni swali la kazi yenu kabla ya kuwa swali la wakosoaji. Filamu ya pili inapokuja ikiwa kubwa zaidi na ndefu zaidi kuliko ile iliyoitangulia, je, ndiyo imeizidi? Mfano nitakaokaa nao kwa muda mrefu ni Terrifier ya mwaka 2016 na Terrifier 2 ya mwaka 2022, zote mbili kazi za mwongozaji wa Kimarekani Damien Leone. Ya kwanza ina dakika zipatazo 85. Ya pili ina dakika 138, yaani saa mbili na robo na zaidi, urefu ambao watazamaji wamezoea kuupata katika filamu za vita au za mashujaa wa studio kubwa, na ambao ni nadra mno katika filamu ya muuaji anayewinda vijana usiku wa Halloween, ile sikukuu ya Wamarekani ya kuvaa mavazi ya kutisha. Nitalazimika kueleza baadhi ya mauaji na kusimulia miisho ya hadithi, lakini sitaeleza damu kuliko hoja inavyohitaji.

Jibu langu nalitoa sasa ili msikilize mkilipima. Naamini Terrifier 2 ni filamu bora kuliko ile ya kwanza, na naamini vilevile kwamba ina dakika ishirini au zaidi ambazo hazikustahili kubaki. Hukumu hizi mbili hazipingani. Urefu ule ulitumika kwa kazi mbili tofauti, na ni moja tu kati ya hizo iliyoleta faida.

Tuanze na filamu ya kwanza, kwa maana tusipoitendea haki hatuwezi kuipima ya pili. Art, mtu aliyejipaka rangi na kuvaa kama mchekeshaji wa sarakasi, anayetembea na mfuko mweusi wa takataka uliojaa zana zake, hakuzaliwa mwaka 2016. Leone alikuwa amekwisha kumtumia katika filamu fupi ya mwaka 2008 na nyingine ya mwaka 2011, kisha katika filamu ya visa kadhaa iliyotoka mwaka 2013. Katika kazi hizo za mwanzo aliigizwa na Mike Giannelli. Kuanzia 2016 nafasi hiyo ikashikwa na David Howard Thornton, ambaye hasemi neno hata moja na bado huwezi kumwondolea macho. Bajeti ya filamu hiyo hutajwa kuwa kati ya dola 35,000 na 55,000. Kwa fedha hizo Leone alipata usiku mmoja, jengo moja chakavu na wahusika wachache, naye akavitumia vyote mpaka mwisho.

Hadithi yenyewe ni fupi sana. Wasichana wawili, Tara na Dawn, wanatoka kwenye sherehe ya Halloween, wanakaa kula piza, na Art anaingia dukani akiketi mahali ambapo anaweza kuwakodolea macho. Hatuambiwi ametoka wapi, anataka nini, wala kwa nini amewachagua wao. Baadaye, katikati ya filamu, linatokea jambo ambalo nadhani ndilo tendo la ujasiri kuliko yote katika kazi ile: Tara, ambaye kwa mazoea yetu yote tulikwisha kumpa ustelingi, tukiamini kwamba ndiye atakayefika asubuhi, anauawa kwa bastola. Aina hii ya filamu ina desturi zake, na mojawapo ni kwamba muuaji hutumia kisu, shoka au msumeno, hatumii risasi, kwa sababu risasi humnyima mwindwa nafasi ya kupigana. Art anaichomoa bastola kama mtu anayevunja sheria za mchezo uliokuwa umekubaliwa na pande zote, na kuanzia dakika hiyo mtazamaji hana tena pa kushika. Ukavu huo, yaani kutoeleza chochote na kutomhurumia yeyote, ndio nguvu ya filamu ya kwanza, na bajeti ndogo ilikuwa mshirika wake, kwa maana hadithi isiyo na fedha za kutoka nje ya jengo hulazimika kumbana mtazamaji ndani ya jengo hilo.

Udhaifu wake unatoka mahali palepale. Kifo cha Dawn, anayening'inizwa kichwa chini na kukatwa kwa msumeno, ndicho kilichoipa filamu ile sifa yake, na ukikitazama kwa jicho la fundi utastaajabu jinsi watu wachache walivyoweza kuyatengeneza majeraha yale kwa mikono yao, bila kompyuta. Lakini Dawn tumemjua kwa dakika chache tu. Hatujui anampenda nani wala anaogopa nini. Tunauhurumia mwili wake kwa sababu ni mwili wa binadamu, lakini mtu mwenyewe hatujapewa, na mateso ya mtu ambaye hatujapewa, yakirefushwa, hugeuka kuwa maonyesho ya ufundi tu. Wakosoaji wengi waliilaumu filamu ile kwa ukatili dhidi ya wanawake. Mimi naiona lawama hiyo kuwa ya haki kwa sehemu hii: mwanamke ambaye mwandishi hakumpa maisha yoyote kabla ya kumpa kifo amefanywa kuwa kitu cha kukatwa. Leone mwenyewe alikiri hadharani kwamba malalamiko juu ya uhaba wa hadithi na wahusika yalimfikia, na kwamba alikusudia kuyajibu.

Jibu lake linaitwa Sienna Shaw. Katika Terrifier 2 tunampata binti huyu, aliyeigizwa na Lauren LaVera, akishona na kugundisha vazi lake la Halloween chumbani mwake. Ni vazi la malaika shujaa lenye mabawa, ambalo marehemu baba yake alilichora kabla hajafa. Mama yake, Barbara, amechoka na ana hasira za mjane aliyeachiwa watoto wawili. Mdogo wake, Jonathan, amevutiwa kupita kiasi na mauaji yaliyotokea katika wilaya yao mwaka uliopita, na anataka kuvaa kama Art. Nyumba ile ina ugomvi wa kawaida wa nyumba yenye msiba usiozungumzwa: mlango unabamizwa, jina la baba linatajwa, kila mmoja ananyamaza. Haya yote yanachukua muda mrefu, na wapo waliolalamika kwamba filamu inachelewa kuanza. Sikubaliani nao hata kidogo. Katika dakika hizo ndimo filamu ya pili inapoipita ile ya kwanza, kwa sababu Art anapokuja kuugonga mlango ule, tayari kuna watu nyuma ya mlango.

Napenda mkumbuke tukio moja zaidi ya mengine yote, lile la duka la mavazi. Sienna amekwenda kununua kitu cha kukamilishia vazi lake, na Art yumo dukani, akijaribisha miwani ya plastiki ya kuchekesha mbele yake, mmoja baada ya mwingine, na kuliza kihoni mkononi. Hafanyi lingine. Hamgusi. Mwenye duka anamwona kama mteja msumbufu aliyevaa kwa ajili ya sikukuu, nasi tunaojua yeye ni nani tunakaa pale tukihesabu hatua kutoka kwa Sienna hadi mlangoni. Tukio hili ni refu kuliko hadithi inavyolihitaji, na halina hata tone la damu mpaka binti atakapokuwa amekwisha kuondoka. Mwongozaji mwenye haraka angelifupisha, na mwongozaji wa filamu ya dakika 85 asingekuwa na nafasi nalo kabisa. Kwa maoni yangu ndilo tukio la kuogofya kuliko yote katika filamu zote mbili, na linatufundisha kwamba muda ni malighafi ya hofu kama ilivyo giza au sauti, ilimradi ndani yake awemo mtu ambaye hatutaki apatwe na jambo.

Sasa tuje kwenye upande wa pili. Baada ya filamu ya kwanza kupata wafuasi wake, Leone na mtayarishaji wake, Phil Falcone, waliwaendea mashabiki mwaka 2019 kupitia mtandao wa kuchangisha fedha. Waliomba dola 50,000 kwa ajili ya tukio moja kubwa, wakachangiwa zaidi ya dola 200,000, na bajeti yote hutajwa kuwa dola 250,000 hivi. Upigaji picha ulianza mwaka huohuo, ukakatizwa na janga la UVIKO-19, na filamu ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Agosti 2022 katika tamasha la FrightFest jijini London, kabla ya kuingia katika majumba ya sinema ya Marekani mwezi Oktoba. Iliingiza zaidi ya dola milioni 15 duniani, ikisaidiwa na habari zilizovuma kwamba baadhi ya watazamaji walizimia au kutapika ukumbini. Kwa filamu isiyo na studio kubwa nyuma yake, ambayo mtu mmoja aliiandika, akaiongoza, akaihariri na kuyabuni majeraha yake, haya ni mafanikio ambayo kila kijana aliyeko humu ana haki ya kuyaonea wivu.

Lakini tazameni fedha za aina hiyo zinadai nini. Mwekezaji wa kawaida hudai faida, na kwa kawaida filamu fupi humfaa zaidi, kwa sababu jumba la sinema linaweza kuionyesha mara nyingi zaidi kwa siku. Shabiki aliyechangia hadai faida. Anadai kuona alichochangia, tena kwa wingi. Mwongozaji anayewaheshimu watu wake hujiona ana deni kwao, na deni hilo hulipwa kwa kuongeza: jeraha jingine, pigo jingine, sekunde nyingine za kamera kukaa juu ya kile kilichogharimiwa. Katika kifo cha Allie, rafiki wa Sienna, anayeshambuliwa chumbani kwake, tukio linafika kilele chake, linapita kilele chake, halafu linaendelea. Najua kwamba kupitiliza huko ni makusudi, na kwamba Leone anataka tufike mahali pa kusema imetosha halafu tugundue kwamba sisi ndio tuliosema, si yeye. Hata hivyo hofu ilikuwa imekwisha kutoka chumbani mapema, na kilichobaki ni kushangaa jinsi bandia zilivyotengenezwa, yaani tumerudi palepale kwenye udhaifu wa filamu ya kwanza.

Hapa naomba niseme neno kuhusu uhariri, nalisema kwa dhati kwa sababu baadhi yenu mtakuwa na vyeo vyote katika filamu zenu wenyewe, kama alivyokuwa Leone. Mtu aliyekaa siku nyingi akifinyanga uso bandia, akapaka rangi mshipa mmoja mmoja, halafu akakaa tena kwenye meza ya uhariri, anaiona picha ile pamoja na kazi yote iliyo nyuma yake. Mtazamaji haioni kazi hiyo. Kwake picha ya sekunde tatu na picha ya sekunde tisa zinatofautiana kwa jambo moja tu, nalo ni kama hadithi imesogea. Katika studio huwapo mtu mwenye mamlaka ya kusema kata, na mara nyingi mtu huyo ni adui wa sanaa. Lakini filamu huru inapomkosa kabisa, inapaswa kumtafuta miongoni mwa marafiki, awe mtu asiyejua ni tukio lipi lililogharimu nini.

Kazi nyingine iliyobebeshwa dakika zile za ziada ni kueleza. Art wa mwaka 2016 alijipiga risasi mwenyewe polisi walipomfikia, kisha akafufuka chumba cha maiti, na hatukuambiwa sababu. Katika filamu ya pili anatembea na msichana mdogo mwenye uso mweupe ambaye watu wengi hawamwoni. Kuna michoro ya baba inayoonyesha kwamba alikuwa amekwisha kumjua muuaji huyu kwa njia fulani. Kuna upanga ambao haukati tu bali unaponya. Sienna anachomwa, anatumbukizwa ndani ya maji, upanga unang'aa, naye anarudi kwenye uhai na kumkata Art kichwa. Kuna watazamaji wanaoupenda mwisho huu, na nawaelewa, kwa sababu LaVera anaubeba kwa nguvu zote na kwa sababu tumetembea naye saa mbili tukitamani ashinde. Lakini kila kamba inayofungwa hapa inafungua fundo la filamu ya kwanza. Muuaji asiye na sababu anaweza kuwa popote na kumchagua yeyote, hata wewe uliyeketi ukumbini. Aliyepangiwa adui wake tangu kabla ya hadithi kuanza ana shughuli na familia moja. Filamu ikiingia katika habari za upanga na majaaliwa, inaiacha hofu na kuelekea kwenye utenzi wa shujaa. Utenzi una heshima yake, lakini haukuwa hicho tulichotishwa nacho.

Pengine mtauliza kama hili haliepukiki, kama kila mwendelezo mkubwa lazima uwe hivyo. Mifano miwili inatusaidia, nami wa kwanza nitaupita haraka. Sam Raimi alitengeneza The Evil Dead, iliyotoka mwaka 1981, kwa fedha zinazokadiriwa kuwa dola 375,000, na ikawa na dakika 85. Kwa mwendelezo wake, Evil Dead II wa mwaka 1987, alipewa takriban dola milioni tatu na nusu, karibu mara kumi ya zile za awali. Nao una dakika 84. Fedha zote zilikwenda kwenye kasi, kwenye kamera inayokimbia msituni na ndani ya nyumba, kwenye mkono unaomwasi mwenyewe. Hakuna hata dakika moja iliyoongezwa. Kwa hiyo ukubwa na urefu ni vitu viwili, na anayepata fedha zaidi hajalazimishwa na mtu yeyote kuongeza saa.

Mfano wa pili ni mzito zaidi kwa hoja yetu, kwa kuwa unaonyesha urefu uliofanya kazi. Mwaka 1968 George A. Romero alitoa Night of the Living Dead, filamu isiyo na rangi iliyopigwa Pennsylvania kwa takriban dola 114,000, yenye dakika 96. Watu wachache wamejifungia katika nyumba ya shambani, wafu wanaokula watu wamewazunguka, na mtu pekee anayevuka usiku ule, Ben, mtu mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, anapigwa risasi alfajiri na wale waliokuja kuokoa. Ni filamu iliyokamilika, isiyo na pengo la kujazwa. Miaka kumi baadaye Romero aliifuata na Dawn of the Dead, kwa fedha zinazokadiriwa kuwa dola 640,000, ikiwa na rangi, na ikiwa na dakika 127 katika nakala iliyoonyeshwa Marekani. Ni kubwa zaidi, ni ndefu zaidi, na wengi, nami nikiwamo, tunaihesabu kuwa sawa na ya kwanza au kuipita.

Kwa nini urefu haukuiumiza? Watu wanne wanakimbia kwa helikopta na kutua juu ya jengo kubwa la maduka, lile la Monroeville karibu na Pittsburgh, ambako kikundi cha Romero kilifanya kazi usiku baada ya wateja kuondoka, na kikalazimika kusimama kwa majuma kadhaa kwa sababu ya mapambo ya Krismasi. Nusu ya kwanza ni vita: wanaziba milango kwa malori, wanawafyeka wafu waliomo ndani, na mmoja wao, Roger, anang'atwa na wafu hao na kufa. Filamu ya kawaida ingeishia karibu na hapo. Romero anaendelea, na anachotupa ni ushindi unaooza. Waliobaki wana kila kitu: nguo, vyakula, saa, fedha zisizonunua chochote, vyumba walivyovipamba kama nyumba ya watu wenye uwezo. Francine ana mimba. Stephen anampa pete naye anaikataa, kwa kuwa katika hali ile isingekuwa na ukweli wowote. Wanakula mezani kimya. Hakuna anayewashambulia kwa muda mrefu, na huo ndio wakati tunapoanza kuogopa kwa namna nyingine, kwa sababu tunaona kwamba wako hai lakini hawana tena cha kufanya na uhai wao. Jambo hilo haliwezi kuonyeshwa kwa ufupi. Uchovu wa watu waliopata kila walichokitaka unahitaji muda wa saa ya ukutani, mtazamaji aketi nao humo mpaka auhisi.

Isitoshe, filamu hii inatupa nafasi ya kupima jambo ambalo kwa kawaida tunalikisia tu, kwa maana iko katika nakala tatu. Iko ile ya dakika 127. Iko ya dakika 139 iliyopelekwa kwenye tamasha la Cannes kabla uhariri haujakamilika. Na iko ya dakika 119 aliyoihariri mwongozaji wa Kiitalia Dario Argento kwa ajili ya Ulaya, akipunguza ucheshi na kuupa nafasi zaidi muziki wa kundi la Goblin. Nawahimiza mzitazame zote tatu kwa kufuatana na kuandika mnachokiona. Ya Argento inakwenda kwa kasi na inafanana zaidi na filamu ya mapambano. Ile ndefu ina mazungumzo ya ziada yanayowaongezea wahusika kitu kidogo, na kuipunguzia safari mwendo. Ile ya katikati, ambayo Romero mwenyewe aliipendelea, ndiyo inayobeba vyote viwili, yaani kasi ya kuteka jengo na uzito wa kubaki ndani yake. Dakika nane upande huu na dakika kumi na mbili upande ule zinabadilisha filamu nzima. Mhariri anayeamini kwamba dakika kumi si kitu katika kazi ya saa mbili na aitazame kazi hii kabla hajasema tena.

Sisi tunaotoka katika soko la filamu za Bongo tunajua pia urefu wa aina ya tatu, usiotokana na hadithi wala na mapenzi ya mashabiki. Katika miaka ya VCD na DVD ilikuwa kawaida hadithi moja kukatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili, na mwandishi alilazimika kuijaza nafasi iliyopatikana: gari linaingia getini, mlinzi anafunga, mtu anapanda ngazi, anabisha hodi, anakaribishwa, anaketi, ndipo neno la kwanza lisemwe. Hatukuwa watu wasiojua kusimulia. Soko lilinunua urefu, nasi tukauuza urefu. Ninawaambia haya kwa sababu wengi wenu sasa mtauza kazi zenu mtandaoni, mahali ambapo hakuna anayekulazimisha kujaza diski mbili, lakini mazoea yale bado yamo mikononi mwetu.

Nirudi kwa Leone. Filamu yake ya tatu ilitoka Oktoba 2024 kwa bajeti ya takriban dola milioni 2, mara nane ya ile ya pili, na ina dakika 125. Ilishika nafasi ya kwanza Marekani katika wikiendi yake ya kwanza na kuingiza zaidi ya dola milioni 80 duniani. Fedha ziliongezeka na urefu ukapungua, jambo linaloonyesha kwamba urefu wa ile ya pili haukuwa lazima ya ukuaji wake.

Kwa kuwa nimedai kwamba Terrifier 2 ina dakika ishirini zisizostahili, ni haki mniulize ni zipi. Ningepunguza kifo cha Allie kwa nusu, nikikata pale mama yake anapofika, kwa sababu macho ya mama yale yanatosha. Mapigano ya mwisho katika jengo la maonyesho lililoachwa ningeyakata kwa theluthi, kwani Art na Sienna wanaangushana na kuinuka mara nyingi mno hata kila pigo likapoteza thamani. Upanga ningeuacha kama ukumbusho wa baba, usiong'ae. Kipande kinachokuja baada ya majina kuanza kupita, ambamo Victoria, aliyenusurika katika filamu ya kwanza, anazaa kichwa cha Art hospitalini, ningekitoa chote, kwa kuwa ni tangazo la filamu nyingine lililowekwa juu ya kaburi la hii.

Nisingegusa ugomvi wa mama na watoto wake, wala duka la mavazi, wala tukio la mwanzoni ambapo Art anafua nguo zake zenye damu katika dobi ya mashine na kumwona msichana yule mdogo kwa mara ya kwanza. Na nisingegusa ndoto ya Sienna, ambamo anajikuta ndani ya kipindi cha watoto chenye wimbo na rangi za pipi, ambacho Art anakigeuza kuwa machinjio, kisha anaamka na kukuta moto chumbani. Najua hapa nitapingwa, kwa sababu ndoto ile ni ndefu, haisogezi hadithi mbele kwa hatua kubwa, na mhariri yeyote mwenye mkasi mkali angeianza kazi yake kwayo. Lakini ndiyo sehemu pekee ambapo tunaingia katika kichwa cha binti huyu na kuona jinsi utoto wake, baba yake na muuaji yule walivyochanganyika. Waliohifadhi maswali yao nadhani waanzie hapo, nami niko tayari kuitetea.